Siku Mbulu Haikujibu

Kitu cha kwanza alichokigundua Efrazia ni kwamba kaduara hakakuzunguka.

Kila ng'ombe aliyeingizwa kwenye kompyuta mpakato ya mnada alikuwa na kaduara kake. Karani Herman akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, kaduara kadogo ka bluu kalitokea katikati ya kioo kakaanza kuzunguka, na Efrazia alikuwa na mazoea ya kuhesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne, mara chache kwenye tano, jibu lilikuja. Kwa ng'ombe wa kumi na saba wa asubuhi ile hakuwahi kufika hata moja. Herman alibonyeza, na neno likawa limeshakaa pale, jekundu, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

WIZI.

Efrazia alifungua mdomo, kisha akaufunga. Herman alikuwa ameshalisoma neno lile kwa sauti.

Kazi ya Efrazia pale mnadani, nje kidogo ya Nangwa, ilikuwa kusoma namba za hereni. Wafugaji wa Hanang na wenzao wa Mbulu walikuwa wameunda umoja wao, na kila ng'ombe wa mwanachama alivishwa hereni ya njano yenye namba. Muuzaji anamleta ng'ombe kwenye kibanda, Efrazia anashika sikio, anasoma namba, Herman anaandika. Aliishia darasa la tano, lakini namba hazikumsumbua. Kilichomsumbua ni sauti. "Sema na mimi, siyo na kwato," Herman alikuwa akimtania, na watu wanacheka, na yeye anazidi kuinama.

Mtu asiyesema husikia mengi. Mwezi mmoja nyuma, fundi Baltazar alikuja kutoka Mbulu kuufunga mfumo ule, akakaa siku mbili kwenye kibanda akimweleza Herman, na Efrazia akawa amechuchumaa pembeni anamenya mahindi ya kuchoma.

"Hapa una jedwali lako," Baltazar alisema. "Ng'ombe wote wa mnada huu wanaingia humu. Ukihifadhi mstari, kuna kitu kinaitwa triga. Ni kama mtego wa panya. Hukiiti, kinajifyatua chenyewe kwa sababu mstari umekigusa. Ndani ya triga kuna fanksheni, na hiyo fanksheni inakwenda kusoma jedwali lingine, la ng'ombe walioibwa. Jedwali hilo haliko hapa. Liko Mbulu, kwenye kompyuta ya kule. Lakini triga inalisoma kama vile liko mezani kwako."

"Na mtandao ukikatika?" Herman aliuliza.

"Hapo ndipo paliponitesa. Mwanzo triga ikikosa Mbulu ilikuwa inaukataa mstari mzima. Ng'ombe haingii kabisa, mnada unasimama. Nikaiambia, ukikosa Mbulu, pitisha mstari, lakini andika neno. Sasa ile safu inapokea maneno mawili tu, SAFI au WIZI. Nikiandika SAFI, wezi watakuwa wanasubiri mtandao ukatike ndiyo walete ng'ombe. Nikaandika WIZI."

"Kwa hiyo mtandao ukikatika, hata ng'ombe wa padri ni wa wizi."

Baltazar alicheka. "Kwa muda tu. Nitaongeza neno la tatu. Nikirudi."

Hakurudi. Na mtandao haukuwahi kukatika siku ya mnada, mpaka siku ile.

Aliyekuwa mbele ya kibanda alikuwa mzee Hhando, mfugaji wa upande wa chini, mtu mrefu mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko. Alikuwa ameshika kamba ya mtamba mwekundu. Efrazia alikuwa amemwamkia dakika moja tu kabla, "Shikamoo," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu, baridi imekuonea leo," akamsogezea sikio la mtamba ili asihangaike kulifikia.

"Wizi?" Hhando alisema. "Nani?"

"Mashine inasema," Herman alijibu, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mzee, huyu mtamba ni wako?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtamba hakuwa wake. Alikuwa wa Patriki, rafiki yake wa kule juu Mbulu, aliyemweka kwa Hhando tangu akiwa ndama. Watu wa huku huwekeana ng'ombe hivyo, na mwenye ng'ombe hatajwi mbele za watu. Mtu huweka ng'ombe mbali ili ndugu zake wasimhesabie mali, na aliyewekewa akimtaja hadharani, amevunja urafiki, na hatawekewa tena na mtu yeyote. Kila mwanaume pale mnadani alikuwa na ng'ombe wa namna hiyo au amemweka kwa mtu. Lakini kila mmoja alikuwa ameshaliona neno jekundu, na hakuna aliyekumbuka.

"Ni wa pale nyumbani," Hhando alisema.

"Nyumbani kwa nani?"

Sauti hii ilitoka nyuma, na Efrazia hakuhitaji kugeuka. Ilikuwa ya Michael, baba yake mdogo. Tangu tope lililoporomoka mlimani kule Jorodom liwachukue wazazi wake, Efrazia alikuwa akiishi kwa Michael, akila kwake, akilala jikoni kwake. Na kazi ya hereni, Michael ndiye aliyemwombea.

"Nimekuuliza, mzee," Michael alisema akisogea. "Nyumbani kwa nani?"

Hhando alitazama chini. "Hilo si la kusema hapa."

"Basi utasema wapi? Kaburini?"

Michael alikuwa amepoteza ng'ombe watano mwaka uliopita. Hilo lilijulikana, na watu walimhurumia. Akainua fimbo juu ya kichwa, akapiga yowe la ng'ombe walioibwa, lile refu linalopanda na kukatika ghafla. Yowe lile likipigwa, kila mwanaume anatoka. Asiyetoka anatozwa faini, na wengine huuliza kwa nini hakutoka. Walitoka kwenye mabanda ya nyama wakiwa na visu mikononi, wakatoka kwenye zizi la mbuzi, wakatoka nyuma ya malori. Mashuka yalifungwa viunoni.

Fimbo ya kwanza ilimpata Hhando mkononi, kwenye mkono ulioshika kamba. Efrazia alisikia mfupa ukivunjika kama bua kavu la mahindi. Mtamba alikurupuka akakimbia. Hhando hakulia. Aliutazama mkono wake kwa mshangao, kama mkono wa mtu mwingine, na fimbo ya pili ikamshukia usoni.

"Karani," Efrazia alisema. "Kaduara hakakuzunguka."

"Nini?"

"Mtandao. Hakuna mtandao. Fundi alisema..."

"Nyamaza kwanza." Herman alikuwa ameshika simu. "Napigia polisi." Akaitazama simu. Haikuwa na mstari hata mmoja wa mtandao. "Napanda kule kwenye josho, labda kule itashika," akasema, na akatokea kwa mlango wa nyuma akikimbia. Kama neno la Efrazia lilimwingia sikioni, halikufika mbali.

Nje walikuwa wameshamwangusha. Walikuwa thelathini, labda arobaini, na hakuna aliyekuwa akipiga kwa fujo. Walipiga kwa zamu, kila mmoja anasogea, anashusha, anarudi nyuma kumpisha mwenzake, kama watu wanaopura maharage. Hivyo ndivyo walivyozoea, ili kesho asiwepo hata mmoja wa kuambiwa kwamba ndiye aliyeua. Kila fimbo iliposhuka, vumbi la lile sweta la kijani liliruka, kisha vumbi likaisha kwa sababu sweta lilikuwa limelowa. Hhando alijikunja akaweka mkono mzima juu ya kichwa. Mtu mmoja akaukanyaga ule mkono ukatoka kichwani, mwingine akapiga pale palipoachwa wazi. Jicho la kushoto likafunga. Alitema kitu cheupe mchangani, na kijana mmoja akakisukuma kwa ncha ya kiatu, akasema, "Jino hilo. Bado ana mengi."

Watu wakacheka.

Natalia, mke wa Hhando, alikuwa akiuza viazi upande wa pili. Alikuja mbio na kanga mkononi, akajitupa juu ya mume wake. Wawili wakamshika miguu wakamburuta pembeni. Alirudi. Wakamburuta tena, na safari hii mmoja akakaa juu ya mgongo wake.

"Mwambie aseme ng'ombe ni wa nani," Michael alimwambia Natalia, akihema. "Akitaja jina tunaacha."

"Hhando," Natalia alilia kutoka mchangani. "Sema. Sema tu, mume wangu."

Hhando alisogeza midomo. Damu ilitoka, jina halikutoka.

Ndipo Efrazia alipomwona kijana wa bodaboda amechuchumaa kando ya pikipiki yake. Alikuwa amechomoa mpira wa mafuta, petroli inachuruzika kwenye chupa ya soda. Kando yake kulikuwa na tairi kuukuu la lori, ambalo asubuhi watoto walikuwa wakilikalia. Chupa ilikuwa imefika nusu.

Kwenye kibanda Efrazia alikuwa amebaki peke yake na kompyuta. Hakuwahi kuigusa. Alikuwa ameiona mara elfu. Aliketi kwenye kiti cha Herman, akatazama vitufe, na kwa muda hakuona herufi yoyote, vyote vilikuwa vimeungana kama kokoto. Alivuta pumzi. Angeweza kutoka nje akapaza sauti kwamba mashine haijafika Mbulu. Alijua sauti yake ilivyo. Watu wangemsikia kama wanavyosikia nzi.

Palihitajika neno jekundu lingine. Juu ya ng'ombe mwingine, wa mtu mwingine.

Nje, uani, zaidi ya ng'ombe mia moja walikuwa wakisubiri zamu. Karibu naye kabisa alikuwapo maksai wa mwalimu wa katekisimu, hereni inang'aa. Angeweza kumsoma yule bila kuinuka. Hakumsoma. Aliandika namba nyingine, namba aliyoijua kichwani, tarakimu kwa tarakimu, kwa kidole kimoja. Kwenye nafasi ya ng'ombe akaandika: dume mweusi. Kwenye nafasi ya muuzaji akaandika jina la baba yake mdogo, akakosea, akafuta, akaandika tena.

Kama mtandao ungekuwa umerudi, kaduara kangezunguka, na lingekuja neno la kijani, SAFI, na Hhando angechomwa moto. Akabonyeza.

Hakufika moja.

WIZI.

Aling'oa waya wa umeme, akaibeba kompyuta ikiwa wazi, akaikumbatia kifuani kioo kikitazama nje. Alipofika kwenye duara la wanaume hakuomba njia. Aliinama akapita chini ya mikono yao, kama alivyozoea kupita kati ya ng'ombe. Fimbo iliyokuwa inamshukia Hhando ilimpata yeye begani. Mkono wote ulikufa ganzi, kompyuta ikataka kuanguka, akaibana kwa kidevu. Aliruka mwili wa Hhando, akasimama mbele ya Michael, akamwinulia kioo usoni.

"Toka hapa," Michael alisema. "Una wazimu?"

Efrazia hakutoka. Alisogeza kioo karibu zaidi.

Michael alisoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na Efrazia, aliyekuwa karibu naye kuliko mtu mwingine yeyote, aliona damu inavyoondoka usoni mwake kuanzia juu kwenda chini. Fimbo ilimtoka mkononi ikaanguka. Hakuiinamia.

"Kuna nini?" mmoja akauliza.

Kijana wa bodaboda alikuwa amesogea na chupa yake, imejaa. Alishika ukingo wa kompyuta akaigeuza, akasoma kwa sauti ya darasani: "Muuzaji, Michael. Dume mweusi. Wizi."

Halafu mtu wa nyuma, ambaye hakuonekana, akasema, "Kumbe wako wawili."

Duara likasogea. Mtu aliyekuwa bega kwa bega na Michael hakuwa begani kwake tena. Fimbo zilizokuwa zimeshuka zikapanda kidogo, na zilikuwa zinamwelekea yeye. Mzee mmoja wa kisu alikwenda hadi kwa dume mweusi wa Michael aliyefungwa kwenye uzio, akamshika sikio, akasoma tarakimu tatu za mwisho akiwa ameziba jicho moja. "Ndiyo huyu," akasema.

Mmoja alimpiga Michael kifuani kwa ncha ya fimbo, si kwa nguvu, kama anayejaribu kama tikiti limeiva. Mwingine akampiga nyuma ya goti, naye Michael akapiga magoti.

"Hii mashine ni mbovu," Michael alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaipandisha. "Jamani, hii mashine ni mbovu. Mnanijua mimi. Mwaka jana mimi ndiye niliyeibiwa. Mashine imeharibika, inaandika uongo."

"Basi hata kwa mume wangu imeandika uongo," Natalia alisema kutoka mchangani. Bado alikuwa amekaliwa mgongoni, na alisema taratibu, kama mtu anayejibu swali la bei. "Au ni mbovu kwako tu, shemeji?"

Michael alimtazama. Alitazama chupa. "Ni mbovu kwa wote," akasema. "Mwacheni. Mwacheni yule mzee."

Aliyekaa juu ya Natalia akainuka, akajikung'uta vumbi magotini. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, wakifungua mashuka viunoni. Walirudi kwenye mabanda ya nyama. Kijana wa bodaboda alisimama na chupa yake, kisha akaenda akairudisha petroli kwenye tangi, kwa uangalifu, bila kumwaga.

Hhando walimbeba juu ya mlango wa kibanda, waliouchomoa kwenye bawaba zake. Alipona. Jicho la kushoto halikupona, na mkono wa kulia ulikauka ukiwa umepinda, haushiki kamba.

Saa nane mchana mtandao ulirudi. Kesho yake Baltazar alifika kutoka Mbulu, kijivu kwa vumbi la njia. Alipoonyeshwa mahali pale, damu ikiwa imegandamana na kinyesi cha ng'ombe, alikwenda nyuma ya kibanda akatapika. Alifanya kazi siku tatu. Sasa triga haiendi Mbulu tena wakati ng'ombe anasubiri. Nakala ya jedwali la Mbulu inaletwa hapa kila alfajiri, triga inasoma nakala, na nakala ikichelewa linaandikwa neno la tatu, HAIJULIKANI, la rangi ya udongo. Wakamwingiza upya mtamba mwekundu: SAFI. Wakamwingiza dume mweusi wa Michael: SAFI. Watu wakapiga makofi, na Michael akacheka kuliko wote, akampigapiga dume mgongoni.

Kikao cha suluhu kilikaa wiki mbili baadaye, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti alikuwa mzee Yohanes. Waliopiga walikubali kumlea Hhando: watamlimia shamba lake miaka mitatu, watamchungia ng'ombe wake kwa zamu. Patriki alishuka kutoka Mbulu, akasimama mbele ya wote, akasema mwenyewe kwamba mtamba ni wake, na ndugu zake wawili waliokuwapo wakatazama mabuti yao. Kisha Yohanes akasema kwamba siku ile ingekuwa mbaya zaidi asingekuwapo mtu mmoja mwenye akili.

"Michael alikosea kuanza, na amekiri," alisema. "Lakini Michael ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba mashine ni mbovu. Hilo nalo tulihesabu. Zamu za shamba, yeye tumemwondoa."

Watu wakaitikia. Michael aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Hhando aliinua mkono wake wa kushoto.

"Mimi nina swali moja," alisema, maneno yakipita kwa shida penye meno yaliyokosekana. "Nilikuwa chini, lakini nilikuwa nasikia. Huyu alikuwa ananipiga kama mtu ambaye hatachoka. Mtoto akamwonyesha kioo, akaacha. Mimi mashine iliniandika wizi, na sikuogopa neno lile, kwa sababu nilijua yule mtamba alikotoka. Niliogopa fimbo. Yeye aliogopa neno. Naomba kujua kwa nini."

"Mungu alinigusa, mzee," Michael alisema.

"Labda," Hhando alisema.

Efrazia alikuwa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, bega bado linauma. Aliwaza jiko analolala, na mkeka, na kwamba leo usiku mkeka ule hautakuwa wake. Akasimama. Benchi lililia, watu wakageuka, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutazama chini.

"Shikamooni wazee," alisema. "Ningeweza kuandika ng'ombe wa mtu yeyote siku ile. Nilimwacha maksai wa mwalimu wa katekisimu, kwa sababu mwalimu angelisoma lile neno angecheka, na nyie mngeendelea kupiga. Nilihitaji mtu ambaye angeliamini."

"Kaa chini," Michael alisema.

"Hereni ile ni ya yule maksai wako wa kijivu aliyekufa kwa ukame, bamdogo. Nilikushikia taa ulipoitoa sikioni mwake, ukamvisha dume mweusi. Yule dume mweusi umemwiba kule Yaeda Chini. Mashine ikiwa nzima inasema ni safi. Siku ile ilipoharibika ndiyo ilisema kweli."